Ribiti ya Tatu

Lilirudi Jumatatu ndani ya mfuko wa salfeti,
birika letu la lita sita,
mkono unaning'inia kwa ribiti moja
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Aliyelileta hakupiga kelele.
Alitupa ushungi begani, akakunja nguo,
akatuonyesha ngozi iliyobabuka, kiwiko hadi kifundo.
"Nauza chai Buguruni. Jina langu Tatu.
Sijaja kudai pesa.
Nimekuja kumwona aliyelipitisha."

Nililipitisha mimi.
Muhuri uliogongwa kwenye kitako, herufi zangu mbili:
masizi yamezijaza,
zinasomeka vizuri kuliko siku nilipozigonga.

Msimamizi Mringo alikuwa na jibu kabla ya swali:
shifti ya usiku, Masunga, uzembe, akatwe.
Nikamwomba siku nne na ndoo ya mchanga.

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nikachora mistari:
saa, mashine, boksi la ribiti, zamu ya nani.
Kila birika la kumi nililijaza mchanga,
nikalitundika kwenye ndoano, nikasubiri.
Ndege zinazotua Kipawa zilipita juu ya paa,
mabati yakatetemeka, mabirika yakatetemeka,
mimi nikahesabu.
Jumanne, moja. Jumatano, hakuna.
Alhamisi umeme ukakatika mara mbili
na saba yakaanguka,
yote yamegongwa dakika chache baada ya taa kurudi.
Na ribiti iliyoachia ni ileile: ya tatu, ya mwisho,
pale mashine inapoishiwa pumzi.
Ikishaachia hiyo, zile mbili hubeba siku chache tu,
kisha moja nayo inachoka.

"Si nilisema," Masunga aliniambia, macho kwenye buti zake.
"Nilisema tangu mwezi wa Ramadhani.
Hewa haijajaa, mnatupigia kelele tugonge,
mia nne kwa shifti, mia nne kwa shifti."
Hakuna aliyeandika alichosema.
Kilichoandikwa ni makato ya mshahara wake.

Mficha uchi hazai, na kiwanda nacho kina uchi wake:
geji ya hewa ilikuwa palepale ukutani,
mafundi waliipaka rangi pamoja na ukuta
wiki ile tuliyongoja wageni.
Nikaikwangua kwa wembe.
Sindano ikatokea chini ya weupe kama mtu aliyeamshwa,
inaonyesha nne
mahali panapotaka sita.

Tukachora mstari mwekundu.
Sindano ikiwa chini yake, mikono mfukoni,
na asiulizwe mtu kwa nini amesimama.
Mringo alitazama saa yake, akavuta pumzi,
akafuta ubaoni mia nne, akaandika mia tatu tisini.
Tukabishana hadi mia tatu hamsini. Chai ikapoa.
Pesa aliyokatwa Masunga
hadi leo inafuatiliwa.

Jumamosi nikaenda Buguruni na birika jipya.
Sikuwa na hotuba.
Tatu alilipokea kwa mkono mzima,
akaligeuza, akazisoma herufi zangu,
akapitisha kidole juu ya ribiti: moja, mbili,
kwenye ya tatu akakaa.
Kisha akalijaza maji hadi shingoni,
akalitundika kwenye msumari wa nguzo ya kibanda,
juu ya karai tupu, akawasogeza watoto mbali,
akaendelea kuwachotea wateja chai sufuriani, kikombe kwa kikombe.
Nikamuuliza kama limepita.
Hakugeuka.
"Rudi kesho," alisema.